Kila kijiji kiandike askari wake

Kama kuna kijiji hapa Nuu, Ukambani, chenye orodha kamili ya wanaume wake waliokwenda vitani, orodha hiyo iletwe mezani. Mutito nao walete, Zombe walete, Mbooni na Kibwezi walete. Kila mwaka tunalalamika kwamba dunia imewasahau Waafrika waliopigana vita vya wakubwa. Ni kweli imewasahau. Lakini dunia haiwezi kukumbuka majina ambayo sisi wenyewe, wajukuu wao, hatujakaa chini tukayaandika.

Habari yenyewe haina fumbo. Kati ya 1914 na 1918 Mwingereza na Mjerumani walifukuzana Afrika Mashariki, kutoka Taveta hadi ndani ya Msumbiji. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe, magari yakakwama matopeni, na mzigo ukaishia kichwani kwa mtu. Upande wa Waingereza ulitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka makoloni yake na nchi ulizoteka. Si wote waliokwenda kwa hiari. Mwaka 1917 John Ainsworth, yule yule aliyewahi kuitawala Ukambani kutoka Machakos, alipewa kazi ya kukusanya watu, na machifu wakaambiwa idadi wanayotakiwa kutoa.

Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa hawapungui 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, uchovu, na unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kuliwa bila kuiva. Mishahara ya maelfu yao haikufika kwa jamaa zao hata siku moja. Nairobi ilibaki na mtaa na soko la Kariokor, mahali palipokuwa na kambi yao. Akina mama wa Kitui wamepeleka vyondo vyao katika soko hilo miaka nenda miaka rudi, na ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba huenda babu wa ukoo wao alilala pale kabla ya kupelekwa vitani.

Vita vya pili vilipokuja, Kenya ilitoa wanaume karibu 98,000. Wakamba walijaa Keya, yaani King's African Rifles, kupita kiasi cha idadi yao nchini. Mapema 1941 majeshi ya upande wa Mwingereza yaliondoka upande wa Garissa, hapo ng'ambo ya Tana, yakateka Kismayu na Mogadishu, na Aprili yakaingia Addis Ababa. Mwaka 1942 Keya walikuwa Madagaska. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw kule Burma wakati wa mvua kubwa. Barabara ziligeuka matope, chakula kikadondoshwa na ndege, na homa ikalaza watu kuliko adui. Desemba mwaka huo waliuteka mji wa Kalewa, na hapo njia ya kuvuka mto Chindwin ikafunguka kwa jeshi lililokuwa likiwafukuza Wajapani.

Hata njiani walikufa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Sasa muulize kijana yeyote wa Kidato cha Nne akueleze Vita vya Pili vya Dunia. Atakutajia Hitler, atakutajia Normandy, pengine na Pearl Harbor, kwa sababu ndiyo aliyoyaona kwenye filamu na kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Kalewa hajaisikia. Waingereza wenyewe huliita jeshi la Burma jeshi lililosahauliwa, na hata wanapolikumbuka jeshi hilo, Waafrika waliokuwa ndani yake hutajwa kwa mstari mmoja.

Tofauti hii ya kukumbukwa haikuanzia kwenye filamu. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito nchini Ethiopia, Sajenti Nigel Leakey wa Keya, mzaliwa wa Kenya, alirukia kifaru cha kivita cha Waitaliano na kuwapiga waliokuwamo. Hakuonekana tena. Alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza, na aliistahili. Lakini Leakey hakuwa peke yake Colito. Alikuwa na askari Waafrika mbele yake, nyuma yake na ubavuni. Ni nani Ukambani anayeweza kutaja hata watatu kati yao?

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928 kwa heshima ya askari na wapagazi wa vita vya kwanza. Maandishi yake, ambayo yapo pia kwa Kiswahili, yanawaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Zunguka jiwe hilo pande zote. Hakuna jina hata moja.

Haikuwa bahati mbaya, ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa ofisini. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia vita vya kwanza, na pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Mzungu aliyekufa alipewa jiwe lake, na Mwafrika akaingizwa katika jumla. Tume iliomba radhi.

Radhi tumeisikia. Tangu hapo tumekuwa tukisubiri. Tunasubiri London ifanye kitu, Nairobi ifanye kitu, kaunti ifanye kitu. Na kila tunaposubiri tunajipa sababu, zile zile, ambazo hazisimami hata kwa dakika tano.

Sababu ya kwanza: vile vilikuwa vita vya wazungu, havituhusu. Vita vilikuwa vya wazungu, lakini miguu iliyotembea ilikuwa yetu. Mpagazi aliyechukuliwa kwa nguvu mwaka 1917 hakuulizwa vita ni vya nani. Aliyejiandikisha Keya kwa kuwa alihitaji pesa ya kodi na ng'ombe wa mahari, mwaka mmoja au miwili tu baada ya serikali kunyang'anya mifugo ya Wakamba mwaka 1938, naye alikuwa na sababu zake za kiutu. Kuwaandika si kuisifu himaya. Ni kukubali kwamba walikuwepo, na kwamba walikuwa wa kwetu.

Sababu ya pili husemwa kwa sauti ya chini, nasi tutaisema wazi. Baada ya 1952 Keya walitumwa kupigana na Mau Mau, na Wakamba walikuwamo katika vikosi hivyo. Uhuru ulipokuja, sare ya zamani haikuwa jambo la kujivunia mbele ya watu, na wazee wengi wakanyamaza. Ukimya huo unaeleweka. Lakini historia ya Keya ina pande nyingi. Waruhiu Itote, aliyejulikana msituni kama Jenerali China, alijifunza vita Burma akiwa askari wa Keya. Bildad Kaggia naye alivaa sare ya jeshi la Mwingereza kabla ya kuingia katika harakati za uhuru. Mtu anayeona aibu ya sehemu moja ya habari hapaswi kuizika habari yote. Andika yote, lililo zuri na lililo chungu, wajukuu wapime wenyewe.

Sababu ya tatu: hakuna rekodi. Hii ndiyo inayotuudhi kuliko zote, kwa kuwa anayeisema hajatafuta. Waliofia vita vya pili bila kaburi wameandikwa. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya waliopotea Somalia, Ethiopia na Madagaska na wale wa Khedive Ismail. Jina la Leakey lipo hapo hapo, kwenye ukumbusho huo huo. Waliopotea Burma wameandikwa kwenye ukumbusho wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan. Orodha hizo ziko kwenye tovuti ya tume hiyo ya makaburi, na kuzisoma hakulipiwi. Simu aliyo nayo mtoto wako inatosha.

Atakayefungua ataona tatizo moja, na tatizo hilo ndilo linalotuhitaji sisi. Wazungu wameandikwa kwa jina na ukoo, na wengine hata kwa majina ya wazazi wao. Mwafrika mara nyingi ameandikwa jina moja tu, na kwa herufi za karani aliyelisikia vibaya. Mutua mmoja, bila jina la baba yake na bila kijiji, ni kama hakuandikwa, kwa maana Ukambani akina Mutua hawana hesabu. Hakuna ofisi ya London inayoweza kujua kwamba Mutua huyu ni mwana wa fulani, wa mbai (ukoo) fulani, wa utui (kijiji) fulani chini ya milima ya Nuu. Anayejua ni mjukuu wake. Na mjukuu huyo hajaulizwa.

Sababu ya nne: tuna shida kubwa zaidi, hatuna maji, mvua imekatika. Shida hizo ni za kweli na ukurasa huu umezipigia kelele. Lakini hatuombi bajeti ya bwawa. Tunaomba daftari na kalamu. Hakuna kisima kitakachosimama kuchimbwa kwa sababu chifu mdogo ameandika majina ishirini Jumamosi asubuhi.

Sababu ya tano: wazee wamekwisha. Hapa tunakubali nusu. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipomalizika mwaka 1945 alitimiza miaka 100 mwaka 2025. Wenyewe karibu wote wameondoka. Lakini watoto wao wapo, wengi wakiwa na miaka sitini, sabini, themanini. Walisikia hadithi zikisimuliwa kwa mdomo wa aliyekuwapo. Wanajua nani alirudi na nani hakurudi. Miaka kumi ijayo hili nalo halitakuwa kweli, na hapo kisingizio kitakuwa kimekuwa ukweli kwa uvivu wetu.

Mwenye duka hapa Nuu hahifadhi madeni ya sukari kichwani. Ana daftari: jina, tarehe, kiasi. Anajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tunashangaa ni kwa nini watu wanaojua kuandika deni la kilo mbili za sukari wameshindwa kuandika jina la mtu aliyekufa maji karibu na Maldives.

Basi dawa ni hii, nayo si mpya wala si ngumu. Kila kata ndogo iwe na daftari moja, mlinzi wake akiwa chifu mdogo akisaidiwa na wazee wa Nyumba Kumi. Kila ukurasa ni wa mtu mmoja. Yaandikwe majina yake yote na la baba yake, mbai yake, kijiji chake, vita alivyokwenda, kikosi kama kinajulikana, alirudi au hakurudi. Liandikwe jina la mkewe, kwa kuwa aliyebaki nyumbani akilima, akilea na kulipa kodi peke yake naye alibeba mzigo wa vita hivyo. Mwishoni aandikwe aliyetoa habari na tarehe aliyoitoa.

Kwa wapagazi wa vita vya kwanza kazi ni nzito zaidi, maana hawana ukuta popote. Lakini Ukambani mtoto huitwa jina la babu, na katika nyumba nyingi jina la asiyerudi bado linaitwa kila siku uani. Ulizeni jina hilo lilitoka kwa nani.

Vifaa viulizwe pia. Katika masanduku ya bati ya nyumba zetu kuna vyeti vya kuachishwa jeshi, picha zilizofifia na medali. Chukua Nyota ya Burma mkononi: nyota ya shaba yenye pembe sita, taji na herufi za mfalme katikati, utepe wenye mstari mpana mwekundu na kingo za buluu na rangi ya machungwa. Igeuze. Nyuma ni tupu. Serikali ya Uingereza ilitoa nyota hizo bila kuchora jina la aliyezipewa. Siku ambayo yule binti au mjukuu anayejua ilikuwa ya nani atafariki, nyota hiyo itakuwa kipande cha chuma cha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Ipigwe picha leo, na jina la mwenyewe liandikwe kando yake.

Makanisa nayo yana hazina yasiyoijua. Kwa miaka mingi kila mzee aliyezikwa alisomewa wasifu kutoka kwenye kijitabu cha mazishi, na humo mara nyingi upo mstari mmoja: alikuwa askari wa Keya, alifika Burma. Vijitabu hivyo vimelala kwenye kabati za wachungaji na chini ya magodoro. Mchungaji akitangaza Jumapili mbili mfululizo kwamba viletwe vinakiliwe na kurudishwa, nusu ya kazi itakuwa imefanyika.

Walimu wa historia wasingoje waraka wa wizara. Likizo ya Agosti wampe kila mwanafunzi kazi moja: mhoji nyanya au babu yako, rekodi kwa simu, andika ukurasa mmoja. Mtoto atakayesikia kwamba babu wa baba yake alivuka Chindwin hataihitaji filamu ili aijue Burma. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipo Kwa Vonza, ndani ya Kitui. Wanafunzi wake wanahitaji utafiti wa kuandika, na utafiti huu uko mlangoni kwao.

Majina yakishakusanywa, yalinganishwe na ya Ngong Road na Taukkyan, kisha na faili za Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue. Yanayokosekana yapelekwe kwa tume ya makaburi pamoja na ushahidi, kwa sababu inapokea majina mapya yanapothibitishwa. Afrika Kusini imetuonyesha kwamba hili linawezekana. Januari 2025, Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua Waafrika zaidi ya 1,700 waliofia vita vya kwanza bila kaburi linalojulikana, na kila mmoja amepewa nguzo yake ya mbao yenye jina lake. Walipatikana kwa sababu kuna watu waliofungua karatasi za zamani na kuzisoma.

Kaunti haina pa kujificha. Katiba imezipa kaunti kazi ya utamaduni, maktaba na makumbusho. Ukuta wa saruji wenye majina katika soko la Nuu, na mwingine Wote, na mwingine Kibwezi, ni gharama ndogo kuliko malango mengi yaliyojengwa kwa sherehe moja. Na serikali kuu, iliyotunga Sheria ya Mashujaa mwaka 2014, isituambie kila Oktoba 20 kwamba mashujaa ni wale tu wanaojulikana Nairobi. Lakini ukuta ni hatua ya mwisho. Tukianza na ukuta kabla ya orodha, tutapata jiwe lingine la kifahari lisilo na jina, na tayari tunalo moja katika barabara ya Kenyatta.

Anayedhani jina la mtu mmoja halina uzito amtazame Mutisya Munge wa Wamunyu. Wakati wa vita vya kwanza alikuwa Tanganyika, akaona kazi ya wachongaji wa kule, akarudi nyumbani akaanza kuchonga na kufundisha wenzake. Kutoka kwake ulikua uchongaji wa vinyago wa Wakamba uliolisha na kusomesha maelfu ya familia hadi leo. Tunajua hivyo kwa sababu jina lake lilihifadhiwa. Waliorudi na ufundi mwingine, na waliokufa na ufundi wao, hatuwajui kwa sababu hatukuuliza.

Uingereza bado ina deni: la mishahara isiyolipwa, la malipo ya kuagana yaliyopimwa kwa rangi ya ngozi, la makaburi yasiyo na alama. Tunaunga mkono kila anayelidai. Lakini mdai anayekwenda mbele ya mdaiwa bila orodha hurudishwa mlangoni, na ndivyo tumekuwa tukirudishwa kwa miaka mingi.

Daftari la kurasa mia mbili linapatikana katika kila kituo cha biashara kati ya Nuu na Mwingi. Chifu mdogo alinunue wiki hii, wazee waitwe Jumamosi, na ukurasa wa kwanza ujazwe kabla ya saa sita mchana.